Karatasi Haikutaja Sauna

Memphis, 9 Januari 2025

Shangazi Irja,

Shikamoo. Kadi yako ya Krismasi imefika juzi, pamoja na mkate wa iliki uliosagika wote njiani. Desmond ameyala makombo kwa kijiko, tena akikwangua bahasha. Sisi wazima. Harusi iko pale pale, Jumamosi ya tarehe 21 Juni, siku ya Juhannus, sikukuu yetu ya Kifini ya katikati ya kiangazi, kwenye ukumbi wa kanisa lenu. Desmond, bwana harusi wangu, anauliza kama mwezi wa Juni huko kaskazini Hancock theluji inakuwa imeisha. Nimemwambia abebe koti tu, nione atafanya nini.

Sasa tuje kwenye yale uliyoyaandika kwa herufi za mchwa pembeni ya kadi. Unasema daktari wa viungo alikuandikia dawa ya sindano tangu Novemba, ya kujichoma mwenyewe kila baada ya wiki mbili, na hujaiona mpaka leo. Shangazi, dawa ile hutaikuta kwenye duka la dawa la hapo mjini. Inatoka kwenye maduka kama hili ninalofanyia kazi, ambalo halina hata kaunta. Tuna simu, tuna chumba cha baridi, tuna watu kama Desmond wa kufunga maboksi. Daktari anatuletea maagizo, sisi tunavutana na bima mpaka itoe kibali, halafu tunampigia mgonjwa. Asipopokea, boksi haliondoki. Lazima aseme kwa mdomo wake mwenyewe kwamba siku fulani atakuwepo nyumbani kulipokea, maana dawa yenyewe haivumilii joto wala barafu.

Kwa hiyo nijibu bila kuzunguka: kuna namba usiyoijua inayokupigia?

Usiniambie nikuangalizie kwenye kompyuta. Kufungua faili la ndugu yako ni kufukuzwa kazi siku hiyo hiyo. Nitajua yale tu utakayoniandikia.

Binti wa kaka yako,
Kirsti


Hancock, 21 Januari 2025

Kirsti mwanangu,

Marahaba. Huku tuko hai, na theluji imefika usawa wa dirisha la jikoni. Waino Lahti anakuja kila asubuhi kunifagilia njia, kisha anakaa kunywa kahawa mpaka saa tano, akinieleza jinsi alivyofagia. Ana miaka themanini na moja na bado anajisifu kwa koleo.

Ndiyo, kuna namba. Imepiga mara kumi na moja. Mara moja nilipokea, nikidhani ni matapeli, nikasema sitaki bima ya gari, sina ndugu aliyefungwa jela, na kompyuta yangu haina virusi kwa sababu sina kompyuta. Nikakata. Kumbe alikuwa kijana wa watu anataka kuniletea dawa.

Baada ya barua yako nilipokea. Aliniuliza maswali mpaka kahawa ikapoa: jina, tarehe ya kuzaliwa, dawa ninazokunywa, mzio, nani atatia sahihi. Boksi linakuja Alhamisi ya tarehe 30.

Na lije haraka. Sikutaka kukuambia, lakini utakuja kuona mwenyewe. Zulia lako la harusi nimelifuma inchi tisa tu. Kila bibi harusi wa ukoo wa Rautio amesimama juu ya zulia la matambara lililofumwa na shangazi yake, na mimi ndiye shangazi pekee uliyenaye. Mashati yote ya marehemu baba yako nimeshayakata vipande, yale mekundu ya miraba na lile la kijani alilovaa siku uliyozaliwa. Yako kwenye vikapu yananitazama. Asubuhi vidole havikunji, Kirsti. Nikikaa kwenye mtambo wa kufumia, mikono inakataa. Nisipopata nafuu, utasimama juu ya sakafu tupu kama mtoto wa kuokotwa, na mimi sitavumilia hilo.

Waino anakusalimu.
Shangazi yako


Hancock, 3 Februari 2025

Kirsti,

Tu wazima, ila kuna mtu mmoja ana aibu, na si mimi.

Alhamisi ile nilitoka kidogo kwenda kahawa ya kanisani. Najua, najua. Mleta mzigo alikuja mapema, akamkuta Waino anafagia, Waino akatia sahihi. Akasoma juu ya boksi: WEKA KWENYE BARIDI. Sasa wewe umekulia huku. Januari, mtu wa huku akiambiwa aweke kitu kwenye baridi, anakiweka wapi? Barazani, pale pale tunapoweka siagi na nyama ya paa. Tena, kwa kuwa ni mtu mwenye bidii, akafungua boksi la povu na kuitoa dawa nje, ili baridi iingie vizuri. Nyuzi kumi na mbili chini ya sifuri.

Niliporudi, kalamu mbili za sindano, zile zenye dawa ndani, zilikuwa zimeganda kama misumari.

Waino alisikitika sana. Nikamwambia aache, nitapiga simu kesho. Hakuacha. Jumamosi nilipokwenda kuoga nikazikuta kwenye joto la mvuke la sauna yake, juu ya benchi la chini, zimefunikwa taulo safi, na yeye amekaa pembeni anazimwagia mawe maji kidogo kidogo. Nikamuuliza, "Wee Waino, una akili sawasawa?" Akanionyesha karatasi ya maelekezo. "Soma," anasema. "Wamekataza maji moto. Wamekataza maikrowevu. Sauna hawakuitaja."

Je, naweza kuzitumia?

Shangazi yako


Memphis, 12 Februari 2025

Shangazi mpenzi,

Shikamoo. Sisi hatujambo, isipokuwa Desmond amecheka mpaka ameumwa mbavu, na sasa chumba kizima cha kufungia maboksi kinamjua Waino Lahti kwa jina.

USIZITUMIE. Dawa ikishaganda imekufa hata kama inaonekana safi, na hiyo yako imegandishwa kisha ikapikwa. Piga simu, sema hivyo hivyo ilivyotokea, watakutumia nyingine. Baridi tunayoitaka ni ya ndani ya friji, basi. Desmond anasema mwambie Waino kwamba wakati huu wa mwaka lile boksi la povu halipo kuilinda dawa na joto. Lipo kuilinda na baraza lako. Hata vile vifuko vya maji ndani yake havigandishwi kwa wateja wa kaskazini.

Ikifika, ipeleke kwenye friji mwenyewe. Siku ya kuchoma, itoe nusu saa kabla, iache mezani ipoteze ubaridi. Mezani, Shangazi. Si mahali pengine.

Samahani kwa kupiga chapa. Kuna printa mpya hapa kazini na sote tunaichezea.

Kirsti


Hancock, 24 Machi 2025

Kirsti mwanangu,

Marahaba. Barua yako imekaa hapa mwezi mzima. Tulikuwa na tufani mbili, paa la kanisa lilivuja, na mchungaji amevunjika kidole cha mguu kwa kuliangalia.

Habari njema: nesi alikuja mwisho wa Februari kunifundisha, ametumwa na hilo duka. Dawa yenyewe ilicheleweshwa na theluji, nesi hakucheleweshwa na kitu, basi tukafanya mazoezi tu. Unabana kalamu kwenye paja, unabonyeza, inalia ta, unahesabu hadi kumi, inalia ta tena, kwisha. Wiki iliyofuata dawa ikaja, nikaipeleka kwenye friji kwa mikono yangu, Waino akiwa amesimama mbali kama nilivyomwamuru.

Nimeshapiga mara mbili, Ijumaa ya tarehe 7 na ya tarehe 21. Haiumi hata kidogo. Sijui watu wanaogopa nini.

Zulia liko inchi kumi na moja. Vidole vyangu havijapata habari kwamba vinatibiwa.

Kwa nini bado unapiga chapa? Barua yenye herufi za mashine inanifanya nidhani nadaiwa kodi.

Shangazi yako


Memphis, 2 Aprili 2025

Shangazi mpenzi,

Shikamoo. Huku maua yametoka na mafua yake pia. Mama yake Desmond amejaribu kutengeneza mkate wa iliki kwa maelekezo yako, akaweka iliki kijiko cha supu. Tuliula wote tukiwa kimya.

Nifurahi kwamba haiumi? Nimekaa kwenye simu hii miaka sita, nimeongea na wagonjwa maelfu, na hakuna hata mmoja aliyewahi kuniambia haiumi hata kidogo. Wanasema inauma kidogo. Wengine wananitukana. Kwa hiyo nakuuliza kama binti yako, si kama mtu wa duka:

Ukimaliza kuchoma, kidirisha cha kalamu kinageuka njano? Lile kopo jekundu la kutupia sindano lina kitu ndani? Na kalamu uliyotumia tarehe 7, iko wapi leo?

Printa ni nzuri sana, ndiyo maana.

Kirsti


Hancock, 2 Mei 2025

Kirsti,

Huku hatujambo. Barafu imeondoka kwenye mfereji, Waino amepanda viazi mapema mno kama kila mwaka.

Nimechelewa kujibu kwa sababu nilikuwa naona aibu, na mwanamke wa miaka sabini na nne hajazoea kuona aibu, inamchukua muda.

Kopo jekundu ni tupu. Kalamu ya tarehe 7 iko kwenye droo ya vijiko. Ndiyo hiyo hiyo niliyotumia tarehe 21, na Ijumaa zote zilizofuata. Ni ile ya kijivu aliyoniachia nesi ya kufanyia mazoezi, isiyo na sindano wala dawa.

Mara ya kwanza nilikosea kweli. Zote zilikuwa mezani, sikuwa na miwani, nikaokota moja nikabonyeza, ikalia ta, haikuuma. Nilifurahi mno, nikamwambia kila mtu kanisani. Kisha nikavaa miwani. Mara ya pili nilikuwa nimevaa miwani, Kirsti. Nilijua ninachofanya. Ile ya kweli niliishika, nikaona kitundu inakotokea sindano, nikairudisha ndani. Nimezaa bila dawa ya usingizi, nimechinja paa, nimemzika mume, na nikashindwa na kitu chenye urefu wa kijiko. Kijana wa simu akiniuliza kila mwezi kalamu ngapi zimebaki, namwambia hakuna. Basi analeta nyingine. Ziko sita sasa, nyuma ya samaki wa chumvi.

Umenikamata. Sasa zamu yangu.

Barua zako unapiga chapa, lakini jina unalitia kwa mkono. Nimezipanga zote mezani tangu Januari. Ile K yako ya mwanzo imesimama wima. Ya Februari imeinama. Ya Aprili umeiandika kwa vipande vitatu, ukipumzika katikati. Mimi naijua K ya namna hiyo. Nilianza kuandika I yangu hivyo nikiwa na miaka arobaini, na baba yako R yake hivyo hivyo.

Asubuhi nani anakufungulia kopo la jemu? Usiniletee habari za printa.

Shangazi yako


Memphis, 10 Mei 2025

Shangazi,

Naandika kwa mkono, kwa hiyo itakuwa fupi.

Desmond ndiye anayefungua jemu. Tangu Desemba. Daktari alithibitisha Februari. Ni ugonjwa ule ule, na dawa ni ile ile yako. Sikukuambia kwa sababu ungejilaumu kwa damu ya ukoo, na ningekulilia, na harusi ingegeuka matanga.

Boksi langu lina wiki tatu kwenye friji. Sijaligusa. Kutwa nzima nawaambia watu, "Bana kwenye paja, bonyeza, hesabu hadi kumi, unaweza." Sauti yangu ni nzuri sana, wananisifu. Nikirudi nyumbani naangalia friji, nafunga, nakula nafaka na maziwa. Naogopa, Shangazi. Si sindano yenyewe. Naogopa kwamba nikishaichoma itakuwa kweli kwamba ninaumwa.

Boksi lenyewe kumbe alilifunga Desmond mwenyewe, kwa namba tu, bila kujua ni la nani. Alipolikuta kwenye friji yetu alilitoa akaliweka mezani. Alilia kidogo. Kisha akaligeuza akasema, "Hii gundi ya pembeni aliweka nani vibaya hivi?"

Usimwambie mtu wa kanisani.

K.


Hancock, 24 Mei 2025

Kirsti mwanangu,

Huku wote wazima, na baridi imeviua viazi vya Waino.

Nisikilize. Barua yako nimeisoma mara moja tu, kwa sababu mara ya pili nisingeweza. Sijilaumu kwa damu. Damu hiyo hiyo ndiyo imekupa ulimi huo. Lakini nilikaa wiki nzima nikifikiri: huyu mtoto anajificha kama mimi, kwa sababu mimi mkubwa nimemwonyesha kwamba inawezekana kujificha.

Basi jana, Ijumaa, nilitoa kalamu moja ya kweli. Nusu saa mezani. Nilimwita Waino anisomee karatasi kwa sauti. Alisoma yote, hata jina la kiwanda. Nikabana kwenye paja. Waino akaanza kuhesabu kwa Kifini. Nilibonyeza alipofika nne, akalazimika kuanza upya.

Inauma. Inauma kama kuumwa na nzi wa farasi, na inachoma kidogo baadaye. Aliyesema haiumi ni mwongo na unamjua. Kidirisha kikawa njano. Kalamu nikaitupa kwenye kopo jekundu, ikagonga chini ko. Nimekaa na kopo hilo tangu Machi sijawahi kusikia sauti hiyo. Waino akapiga makofi.

Asubuhi hii nilimpigia simu yule kijana wa duka mwenyewe, bila kupigiwa. Nikamwambia ukweli wote kuhusu kalamu sita. Akasema si mimi wa kwanza. Ataangalia tarehe za kila moja na hataleta nyingine mpaka ziishe.

Nilipokuwa natupa ile kalamu, hakuna kilichokuwa kweli zaidi ya jana yake. Ninaumwa hivyo hivyo nilivyokuwa naumwa. Ila sasa kuna dawa ndani yangu badala ya nyuma ya samaki.

Zamu yangu ya pili ni Ijumaa, 6 Juni. Saa tatu asubuhi huku, kwako saa mbili. Toa ya kwako kabla ya saa moja na nusu. Nipigie simu. Namba yako siijui kwa sura, wewe piga tu. Nitapokea.

Shangazi yako anayekupenda,
Irja


Memphis, 7 Juni 2025

Shangazi,

Ulipokea simu kabla haijalia mara ya pili.

Nilikuwa sijawahi kukusikia kwenye simu. Kumbe unapiga kelele. Desmond alikuwa chumba cha pili na anaapa alisikia kila kitu, mpaka Waino akihesabu. Mimi nilikuwa bado nimeshika kifuniko cha kalamu, na ninyi mkafika saba. Kisha nikakusikia unasema, "Waino, nyamaza, mtoto hayuko tayari," na pakawa kimya, na nikajua utakaa kimya hivyo mpaka kesho kama ingebidi.

Miaka sita nimekuwa mimi ndiye ninayesema, "Unaweza." Hakuna aliyewahi kuniambia mimi. Ulipolisema neno hilo nikabonyeza.

Njano. Iliuma. Nilikutukana, naomba radhi, nadhani ulisikia.

Alasiri nikaenda kwa mkubwa wangu wa kazi nikamwambia. Amenipa kiti kizuri zaidi. Na mteja wa kwanza leo asubuhi, bibi mmoja wa huko Dakota, akaniuliza kama inauma. Nikamwambia, "Ndiyo mama, kama nzi wa farasi." Akasema asante, wenzako wote wananiambia kidogo tu.

Tunafika Alhamisi ya tarehe 19. Ya Ijumaa utachoma tukiwa mezani kwako. Yangu inakuja nami, ndani ya boksi la Desmond. Amelifunga mara tatu.

Kirsti


Hancock, 12 Juni 2025

Kirsti mwanangu,

Tu wazima sana. Leo nimefungua jemu mwenyewe, na Waino, aliyekuja mahsusi kwa kazi hiyo, alibaki amesimama na mikono yake. Nikamwambia kazi nyingine ipo, awe anakuja hivyo hivyo. Amekuwa mwekundu mpaka masikioni. Usiulize zaidi.

Kalamu ya kijivu nimempa yeye. Anakwenda nayo kwenye kahawa ya kanisani, anawafundisha wote, wanaoumwa na wasioumwa. Mchungaji amejifunza kwenye goti.

Sasa zulia. Vidole vimeanza kukunja, si vyote na si kila siku, na muda ulioliwa na uoga wangu haurudi. Nimefuma kutwa wiki hizi tatu. La mama yako lilikuwa na futi sita. Lako limefika inchi thelathini, na jana nimelikata kwenye mtambo, nimefunga nyuzi. Mekundu ya baba yako yako pembeni zote mbili, na la kijani liko katikati, mahali pa miguu.

Ni fupi, mwanangu. Mtu mmoja atasimama kwa raha, wawili hawataenea mkisimama kama wageni. Mwambie Desmond avue viatu vyake vikubwa na asogee.

Shangazi yako,
Irja